Frank Reich, mtu wa benchi

Nimelala saa nane usiku kwa ajili ya mechi iliyochezwa zaidi ya miaka thelathini iliyopita. Tena si soka. Ni ule mpira wa Kimarekani wa kofia ngumu na kuangushana, ambao hapa nyumbani hakuna anayeniunga mkono.

Ilikuwa mechi ya mtoano, tarehe 3 Januari 1993, Buffalo Bills wakiwa kwao dhidi ya Houston Oilers. Jim Kelly, kotabeki (mrusha pasi anayeongoza mashambulizi) namba moja wa Buffalo, alikuwa ameumia goti wiki moja kabla. Akapangwa Reich, aliyesajiliwa mwaka 1985 na kukaa nyuma ya Kelly karibu muda wote. Hadi mapumziko Houston wanaongoza 28-3, na mashabiki wameanza kuondoka. Robo ya tatu haijachangamka, pasi ya Reich inanaswa na Bubba McDowell wa Houston, anakimbia nayo mpaka mwisho. 35-3.

Hapo ndipo ninapopapenda. Buffalo wanapata tachidauni, yaani wanafikisha mpira mwisho wa uwanja wa wapinzani, kisha mpigaji wao Steve Christie anaanzisha kwa mpira mfupi makusudi, anaukimbilia na kuulalia mwenyewe, mpira unabaki kwao. Don Beebe anafunga. Andre Reed anafunga mara tatu. Houston wanasawazisha dakika za mwisho, lakini muda wa nyongeza Nate Odomes ananasa pasi ya Warren Moon, na Christie anamaliza kazi kwa mguu: 41-38. Kwa wenyeji wengi wa Buffalo hata televisheni haikuwaonyesha, maana tiketi hazikuisha, na kanuni ya wakati huo ilizuia mechi ya hivyo kuonyeshwa mjini kwao.

Na Reich alishawahi kufanya hivyo! Mwaka 1984, akiwa Chuo Kikuu cha Maryland, alitokea benchi kipindi cha pili timu ikiwa nyuma 31-0 mbele ya Miami. Wakashinda 42-40.

Ila kinachonikosesha usingizi ni kilichofuata. Wiki iliyofuata Reich aliwafunga Pittsburgh pia, halafu Kelly akapona, na Reich akarudi zake benchi. Niliwahi kuwa kipa wa akiba sekondari. Mazoezini nilipewa goli mwishoni, giza likiingia, mpira hauonekani vizuri, na bado nilitakiwa nidake. Kwa hiyo nikisikia watu wanasifu ule ushindi kama muujiza, nawaza ile miaka ya kuvaa jezi kila Jumapili na kuivua ikiwa safi.

Nadhani ndiyo maana ukocha ulimfaa. Philadelphia, akiwa mratibu wa mashambulizi, kotabeki Carson Wentz aliumia na wa akiba, Nick Foles, akachukua nafasi. Februari 2018 wakabeba Super Bowl, fainali ya ligi, kwa 41-33 dhidi ya New England. Kocha mkuu wao, Doug Pederson, naye alikuwa kotabeki wa akiba enzi zake. Ungetafuta walimu gani wengine?

Hata kazi ya ukocha mkuu wa Indianapolis Colts aliipata baada ya kocha mwingine, Josh McDaniels, kukubali kisha kujitoa. Alianza kwa ushindi mmoja katika mechi sita, akaishia mtoano. Kisha kotabeki wake Andrew Luck akastaafu ghafla Agosti 2019, na kila msimu ukaja na kotabeki mwingine. Novemba 2022 wakamfukuza. Mwezi uliofuata Colts hao hao waliongoza 33-0 dhidi ya Minnesota, wakafungwa 39-36, na rekodi ya Buffalo ya kutoka nyuma sana na kushinda ikavunjwa hapo hapo. Nilicheka peke yangu kama chizi.

Carolina Panthers, ambako mwaka 1995 ndiye aliyeanza kama kotabeki katika mechi ya kwanza kabisa ya timu hiyo, walimpa ukocha 2023 na kumwondoa baada ya mechi 11, ushindi mmoja. Mimi naona walikuwa na papara, ingawa matokeo yale yalikuwa magumu kuyatetea.

Mwaka 2025 Luck, sasa meneja mkuu wa timu ya Chuo Kikuu cha Stanford, alimpigia simu kocha wake wa zamani. Kazi ilikuwa ya kocha wa muda, msimu mmoja tu, hadi apatikane kocha wa kudumu. Reich akakubali.