Cardinale, mlima na bonde kwenye glasi moja

Jamani tangu jumamosi siwazi kitu kingine. Shemeji yangu alikuja kututembelea hapa Oakland na chupa ya Cardinale aliyoitunza miaka, waini inayouzwa zaidi ya dola 200, mi kwa hela yangu nisingeigusa ila sasa nimeelewa kwa nini watu wanainunua.

Ni waini nyekundu ya Napa, bonde la zabibu huku California, zabibu aina ya Cabernet Sauvignon kwa wingi na aina ya Merlot kidogo, anayeitengeneza ni Chris Carpenter. Zabibu hazitoki shamba moja, kuna za juu Howell Mountain na Mount Veeder, kuna za bondeni Oakville. Sisi wa Moshi hili tunalielewa haraka, mlimani ni mlimani na tambarare ni tambarare, hata mgomba unajua. Howell Mountain inaanzia futi 1,400 hivi, ule ukungu unaoingia usiku kutoka ghuba ya San Pablo haufiki huko, kwahiyo asubuhi bonde likiwa bado limefunikwa juu jua limeshawaka, afu udongo ni wa volkano, hauna rutuba nyingi, mzabibu unahangaika na punje zinatoka ndogo zenye ganda nene. Ganda ndo lenye rangi na ukakasi. Za bondeni zinanenepa, zinakuwa laini. Kila shamba linachachushwa kivyake ndo baadae wanaonja na kupima kipi kiingie kiasi gani, hapo ndo penye kazi, maana mlima peke yake ungekuwa mkali mno na bonde peke yake lingepwaya.

Basi shem kazibua, mi nikanywa palepale. Ukakasi ule! Kama umetafuna zambarau haijaiva, ulimi mkavu, fizi zimekamatwa. Akaniambia shem tulia kwanza, akaimimina yote kwenye jagi la kioo ipate hewa, tukaendelea kuchoma mbuzi. Masaa mawili baadae nikaonja tena, asee ni waini nyingine kabisa, ukakasi upo ila umerudi nyuma umeshikilia tu, mbele kuna matunda meusi na harufu ya tumbaku kavu, mwishoni ule uchungu wa kakao, na haiondoki, nimeshameza nimeanza na kuongea bado naisikia mdomoni.

Kwenye jagi kikabaki kidogo nikakifunika na kisosi. Jumapili tumetoka kanisani nikakionja, yale matunda yalishafifia, mlima bado upo.