Taa ya kugandishia inawaka vizuri, lakini viziba vya meno havikomai

Wagonjwa walianza kurudi na meno tuliyoyaziba miezi michache tu iliyopita: kingo zimeachia, na ukichokoa ndani, chini bado laini. Kompositi (resini ya kuzibia meno inayogandishwa kwa mwanga wa taa hiyo) ilikuwa haijaisha muda wake, hivyo nikaishuku taa, ingawa mwanga wake wa bluu ulionekana mkali kama kawaida. Jicho haliwezi kupima hilo.

Radiomita, kifaa cha kupimia nguvu ya mwanga, ilisoma chini ya miliwati 400 kwa sentimita ya mraba. Taa hiyo ilipokuwa mpya ilipita 1,000. Nikaigeuza ncha kwenye mwanga wa dirisha: utando wa resini iliyoganda umefunika karibu nusu ya kioo. Niliulainisha kwa spiriti, nikaukwangua taratibu kwa plastiki (chuma huchubua kioo), na nguvu ikarudi karibu na ya awali.

Radiomita za kliniki hutofautiana, kwa hiyo nilijaza kompositi kwenye kipande cha mrija wa chuma, nikamulika upande mmoja sekunde 20, nikaitoa na kukwangua sehemu laini. Urefu wa kigumu kilichobaki, gawa kwa 2: hicho ndicho kina cha kuaminika. Kilizidi milimita 2, unene wa tabaka tunaloweka.

Sasa taa hupimwa kila Jumatatu na kipimo kuandikwa daftarini, na ncha huvalishwa plastiki mpya kwa kila mgonjwa.