Kamba ya Kanga

Ijumaa ya tarehe 28 Septemba 2018 nilisimama chini ya mparachichi kando ya uwanja wa shule ya msingi, kwetu Kibosho, Kilimanjaro, nimeshika ncha ya kamba niliyoisuka kwa kanga chakavu ya mama. Kwenye ncha ya pili alikuwepo Mgeni. Mbele yetu, kama hatua sitini hivi, watu walikuwa kwenye foleni na mbwa wao. Wengine wamewafunga minyororo, wengine kamba za katani, na mzee mmoja kamtia wake kwenye kiroba, kichwa tu kinachungulia. Bwana mifugo alikuwa na meza, boksi la barafu na daftari. Chanjo ya kichaa cha mbwa ilikuwa ya bure siku hiyo.

Mgeni alikuwa ameganda. Hakubweka wala hakuvuta kamba. Masikio yalikuwa yamelala kabisa, uzito wote kaurudisha miguu ya nyuma, na alijilamba midomo mara kwa mara ingawa hapakuwa na cha kulamba. Nikadondosha dagaa mbele ya miguu yake. Hakushusha hata pua. Nami nilijua kwamba tangu jana yake jioni alikuwa hajala kitu.

"Mburute, mwanangu," mama alisema, ameegemea fimbo yake. "Ni dakika moja tu, halafu basi."

Kuna watu waliokuwa wamegeuka kututazama. Moyo ulinidunda. Nilikuwa na miezi mitano ya kazi shingoni mwa yule mbwa, na kamba ilikuwa mkononi mwangu.

Mgeni alikuja kwenye kihamba chetu, shamba la nyumbani lenye migomba, mwishoni mwa Aprili, masika imechachamaa. Nilikuwa nimerudi kumuuguza mama baada ya kuanguka na kuvunjika nyonga. Asubuhi moja nilipokwenda kukata majani ya ng'ombe nikamwona amejikunja chini ya migomba, jike mwekundu wa kienyeji, mbavu zinahesabika, tumbo kubwa. Shingoni alikuwa na kovu la mviringo lisiloota manyoya. Waya ulikuwa umemkata hapo zamani, na mtu aliyemfunga au kumtega sikumjua na sitamjua. Aliponiona nimeshika kamba ya kufungia majani alikimbia huku akijikojolea.

Mama ndiye aliyemwita Mgeni, kwa kuwa alikuja bila kuitwa. Hakumtaka sana, lakini hakumfukuza. Alisema, mnyama mwenye mimba hafukuzwi mvua ikinyesha.

Alizaa mwishoni mwa Mei nyuma ya banda la ng'ombe, watoto wanne. Wawili walikufa kwa baridi. Yeyote aliyelala Kibosho mwezi wa Juni anaijua baridi ile. Wawili waliobaki walikuwa wanene, na mmoja mwenye rangi ya buni zilizokaangwa tukamwita Kahawa.

Jirani mmoja, mtu mwema aliyetusaidia mengi wakati mama amelala, alinipa ushauri ambao nilikuwa nimeusikia tangu utoto. Mfunge kwenye mti siku tatu, usimpe chakula, siku ya nne atakufuata mwenyewe. Ni kweli mbwa aliyefanyiwa hivyo hutulia. Nimewaona. Lakini utulivu ule ni wa kiumbe aliyeona kwamba hakuna analofanya litakalomsaidia, na siku akipata upenyo wa kuuma, anauma bila onyo kwa sababu onyo lake halikuwahi kusikilizwa. Sikutaka mbwa wa namna hiyo nyumbani penye mgonjwa na watoto wa jirani wanaoingia na kutoka.

Nilikuwa nimefanya kazi miaka minne Arusha kwenye zahanati ya wanyama, kazi ya mapokezi na usafi. Daktari wetu mmoja, aliyesomea Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA), Morogoro, alikuwa na tabia ya kunieleza anachokifanya hata kama sikumuuliza. Nilimpigia simu. Akaniuliza swali moja: "Ukiwa umbali gani anakubali kula?" Nikamwambia hatua nane. "Basi nyumba yako ni hatua nane," akasema. "Anzia hapo."

Mwanzo nilikosea. Mwezi wa Juni nilinunua maini, nikachuchumaa na kunyoosha mkono. Mgeni alikuja akijivuta, shingo mbele na miguu nyuma, kama anataka kukatika katikati. Nikafurahi. Alilifikia ini, akalimeza, kisha akainua macho akaona amefika wapi. Uso wangu ulikuwa sentimita chache kutoka kwake. Alibweka mara moja, meno yakagongana hewani karibu na kidole changu, akatoweka. Watoto wake walilia usiku kucha. Alirudi alfajiri, na kwa wiki mbili hakukubali kula nikiwa karibu ya hatua kumi na tano.

Nilipomsimulia daktari alinyamaza kidogo. Akaniambia kwamba nilitumia njaa yake kumvuta mahali ambapo moyo wake ulikuwa haujafika. Chakula kikiisha, woga unabaki, tena karibu zaidi. Akanifundisha jambo ambalo mwanzoni sikulielewa: usimtupie dagaa mbele yake ili asogee, mtupie nyuma yake ili aondoke. Akifuata dagaa nyuma anapata vitu viwili kwa mpigo, chakula na nafasi. Akishakula, aamue mwenyewe kama anarudi.

Nikaanza hivyo. Kila asubuhi baada ya kukamua nilikaa kwenye kigoda, ubavu nimempa yeye, macho kwenye migomba, na mfuko wa dagaa mapajani. Akisogea hata hatua moja, dagaa anapita juu ya kichwa chake na kutua nyuma. Anageuka, anakula, ananitazama. Siku za kwanza alikaa huko huko. Siku ya sita alirudi. Siku ya tisa alirudi mbio. Dakika tano tu, halafu nainuka na kuondoka kabla yeye hajachoka. Mama alikuwa akiniangalia kutoka barazani akisema namharibu mbwa, nampa chakula kwa sababu ya kuogopa, ataogopa zaidi ili ale. Nilimjibu kwa adabu: mama, wewe ukiamshwa na ngurumo nikakuletea chai, je, kesho utaogopa ngurumo ili upate chai? Akacheka, hakukubali.

Kwa watoto wake mambo yalikuwa mepesi kiasi cha kunihuzunisha kwa ajili ya mama yao. Kuanzia wiki ya tatu hadi kama ya kumi na mbili au kumi na nne, mtoto wa mbwa anapokea dunia kama ilivyo. Atakachokutana nacho kwa wema wakati huo hakitamtisha ukubwani kirahisi, na asichokutana nacho kitakuwa kigeni kwake. Wamarekani wawili, Scott na Fuller, walilieleza hilo kwa kina katika kazi yao ya mwaka 1965. Mimi nililiona nyuma ya banda. Nilimleta Kahawa na ndugu yake karibu na redio, ufagio, mbuzi, mtu mwenye mwavuli, bodaboda iliyozimwa na baadaye iliyowashwa kwa mbali. Kila kipya kilifuatwa na kitu kitamu, na aliyetaka kurudi nyuma hakuzuiwa. Siku chache tu zilitosha. Ndugu yake Kahawa alipofika wiki nane nilimpa jirani yule yule aliyenishauri, naye akaniahidi kwamba hatamfunga na njaa. Ametimiza.

Katikati ya Julai Mgeni alikula mkononi mwangu. Mwezi mmoja baadaye aliniegemeza ubavu wake gotini, mara moja, kama aliyejisahau. Wiki ya kwanza ya Septemba balozi wa nyumba kumi akapita kutangaza chanjo. Kila mbwa afike uwanjani tarehe 28, amefungwa.

Amefungwa. Mbwa mwenye kovu la waya.

Ndipo nikamwomba mama kanga yake ya zamani, nikaichana na kuisuka, laini, yenye harufu ya nyumbani. Siku ya kwanza nilitoa dagaa mfukoni, nikamwonyesha, kisha nikaitoa kamba. Kesho yake aliposikia tu mfuko wa plastiki ukichakacha alirudi nyuma. Nilikuwa nimepindua mpangilio. Pavlov, yule Mrusi aliyepewa tuzo ya Nobel mwaka 1904 kwa uchunguzi wake wa usagaji wa chakula, aliona mbwa wakitokwa na mate kwa ishara iliyotangulia chakula. Kinachotangulia ndicho kinachobeba habari. Kwa Mgeni dagaa alikuwa ametangulia na kamba ikafuata, kwa hiyo dagaa akawa ndiye mleta habari mbaya. Nikabadili. Kamba ionekane kwanza, kwa mbali, imelala chini. Dagaa afuate. Kamba ikiondoka, dagaa nao wanaisha. Siku ya nne alipoiona kamba alinitazama usoni akisubiri, mkia ukiwa umeshuka lakini unatikisika. Sijui kama nimewahi kufurahishwa na mkia wa mnyama kiasi kile.

Tulifika hadi kuivaa. Nikamzoesha pia kubanwa ngozi ya kati ya mabega, kisha kubanwa na kuguswa kwa ncha ya kalamu ya wino, kila mguso na dagaa wake. Nilidhani tumejiandaa. Sikukumbuka kwamba nilimwandaa chini ya migomba yetu, tukiwa wawili, kimya, na siyo uwanjani penye mbwa arobaini wanaolia.

Nikiwa pale chini ya mparachichi nilipima mambo. Kichaa cha mbwa si ugonjwa wa kubahatisha. Dalili zikishajitokeza, karibu hakuna anayepona, mtu wala mnyama, na watu wengi mno wanaofikiwa nacho wameumwa na mbwa. Kumrudisha Mgeni bila chanjo lilikuwa jambo zito kwa nyumba yetu na kwa majirani. Kumburuta pia. Hatua sitini zile zingekula miezi mitano yote, na mwaka unaofuata nisingemshika tena.

Nikampa kamba ya Kahawa mpwa wangu, aliyekuwa amemaliza mtihani wa darasa la saba wiki chache kabla, na kopo la mchuzi mzito wa maini. Nikamwambia, muache alambe, sindano iingie akiwa analamba. Kisha nikageuka. Nilipogeuka tu, Mgeni alipumua, pumzi ndefu iliyomtikisa mbavu. Tukarudi nyumbani kwa njia ya mfereji. Mama hakusema neno njia nzima, na fimbo yake iligonga mawe kwa nguvu kuliko kawaida.

Mpwa wangu alirudi na Kahawa anayerukaruka, na kadi ya chanjo. Akaniambia Kahawa hakujua hata kama amechomwa. Nikaishika ile kadi nikarudi uwanjani peke yangu. Foleni ilikuwa imekwisha.

"Shikamoo, bwana mifugo."

"Marahaba, binti. Wewe ndiye uliyerudisha mbwa?"

Nikamweleza yote, pamoja na kovu. Alikuwa amechoka, shati lake limejaa vumbi la nyayo za mbwa. Akafungua boksi, akatazama chupa iliyobaki kwenye barafu. "Kwenu ni njia yangu," akasema.

Alifika kabla ya magharibi. Nilimwomba aache boksi barazani, akae kwenye kigoda cha kukamulia, asimtazame mbwa machoni wala asimwinamie. Mzee yule, mwenye kazi zake tangu alfajiri, akakaa kama nilivyoomba, akaanza kuniuliza habari za bei ya kahawa, huku sindano ameificha kiganjani. Mgeni alimzunguka kwa mbali. Dagaa wakaruka nyuma yake, akaenda, akarudi. Mara tano, mara sita. Mara ya saba alikuja kwangu na kusimama, ubavu kwangu. Nikashika kamba ya kanga bila kuivuta. Nikabana ngozi. Akatulia. Bwana mifugo akanyoosha mkono polepole.

Sindano ilipoingia alishtuka mwili mzima. Nikaiachia kamba. Akapotelea kwenye migomba, kamba ikimfuata nyuma kama mkia wa pili.

Hakuna aliyemfuata. Bwana mifugo akaandika kadi gotini. Mama alikuwa ametoka barazani bila sisi kumsikia, amesimama na fimbo yake, anatazama kule kule nilikokuwa natazama. Giza lilianza kuingia chini ya migomba. Ng'ombe akapiga kelele, tukamwacha. Sijui ilikuwa dakika ngapi.

Kisha majani yakachakacha na Mgeni akatokeza. Akasimama hatua nane kutoka kwetu. Bwana mifugo akachukua dagaa kwenye mfuko wangu, akanyoosha mkono kumwita.

"Hapana, baba," mama akamwambia kwa sauti ya chini. "Mtupie nyuma yake."