Jinsi fuvu la mwanangu lilivyorudishwa

Mwanangu alianguka kutoka juu ya mawe ya Mabatini, hapa Mwanza, akiwa na miaka sita. Ubongo ukavimba, ikabidi wamtoe kipande cha fuvu upande wa kulia ili usibanwe, na kipande chenyewe wakakihifadhi chini ya ngozi ya tumbo lake. Ya wodini nayaacha, aliyewahi kuuguza anayajua.

Walionichosha ni washauri. Wifi yangu aling'ang'ania tungoje mtoto akue, eti fuvu likomae kwanza. Jirani akasema tusirudishe kabisa, mfupa wa mtoto huota wenyewe. Kwa kichanga ni kweli kiasi: chini ya miaka miwili hivi, utando unaofunika ubongo bado una nguvu ya kuotesha mfupa, na pengo dogo huweza kuziba. Lakini miaka sita, pengo la upana wa kiganja? Daktari bingwa alinyoosha maneno: "Mama, tunasubiri uvimbe ushuke, kidonda kipone vizuri na pasiwe na maambukizi. Baada ya hapo hatukawii." Kwetu ikawa miezi michache.

Miezi hiyo ndiyo ilinikosesha usingizi. Akilia, pale panatuna. Akisimama, panabonyea, na ukisogea karibu unaona ngozi inadunda kwa mapigo ya moyo. Nilinunua helmeti ya baiskeli ya mtumba pale Mlango Mmoja. Ilikuwa ngumu, inateleza na kugusa kovu. Nikaiweka kando, nikatafuta mabaki ya sponji ya godoro, fundi cherehani akayashona kama kata ya kubebea ndoo, ikazunguka pengo bila kuligusa. Ndani tukaweka khanga kuukuu kwa ajili ya jasho, chini ya kidevu mkanda mpana. Mwanangu akaiita kofia ya kipa, na hakuivua mchana kutwa. Gharama yake haikufika hata ya nauli za kliniki. Kofia ile najivunia mpaka leo.

Kuhusu cha kuzibia, niliuliza bila aibu. Titani, aina ya metali, ni imara, ila haikui, na kichwa cha mtoto kinakua. Saruji ya akriliki, yaani plastiki ngumu, ni nafuu, nayo haikui wala haishikani na mfupa. Kuna pia kupasua mfupa wa sehemu nyingine ya fuvu uwe tabaka mbili, moja izibe pengo, lakini kwa mtoto mdogo sana tabaka hizo hazijaachana vizuri. Wakachagua mfupa wake mwenyewe, maana ukishika unakua naye. Ubaya wake, mwili wa mtoto huweza kuula mfupa uliorudishwa, tena kuliko wa mtu mzima. Mwambieni daktari awaeleze hilo kabla hamjasaini.

Laki kadhaa zilitoka, shemeji akauza mbuzi. Sasa anasoma, mawe nimempiga marufuku. Kliniki bado tunaenda, wanapiga picha kuangalia kingo za mfupa. Ukionekana unaliwa, watatengeneza kiraka kingine, na fedha yake nimeshaanza kuiweka.