Siku Moja Maishani Mwangu: Nakala Iliyokwama Njiani

Saa mbili asubuhi. Kabla ya barua pepe, huangalia umri wa nakala. Seva yetu kuu ya hifadhi hutuma mabadiliko ya taswira za diski za mashine pepe (kompyuta zinazoendeshwa kwa programu ndani ya seva) kwenye seva ya akiba kila baada ya dakika 15, lakini leo nakala ya mwisho ilikuwa imefika saa tano kasorobo usiku. Taa za uangalizi zilikuwa za kijani zote, na hilo ndilo lililonitia wasiwasi zaidi.

Saa tatu. Nafasi ya diski ilitosha. Niliingia kwenye seva ya akiba bila shida na amri fupi zilijibiwa mara moja, ila kila nilipoanzisha utumaji, ulisimama ghafla bila kutoa kosa lolote.

Saa nne na nusu. Kinachopitisha vidogo na kukwamisha vikubwa hunifanya nishuku ukubwa wa pakiti, yaani vipande vya data vinavyosafiri mtandaoni. Seva zote mbili zimewekewa kikomo cha baiti 9000, basi nikatuma pingi (pakiti ya majaribio inayopaswa kujibiwa) ya baiti 8972, yaani 9000 ukiondoa 20 za kichwa cha IP, chenye anwani za pakiti, na 8 za ICMP, itifaki ya pingi, huku nikizuia pakiti isigawanywe. Haikurudi hata moja. Za baiti 1472 zilirudi zote. Swichi ya mtandao iliyo katikati ya seva hizo ilibadilishwa usiku, na mpya ilikuja na kikomo cha 1500, hivyo ikawa inatupa pakiti kubwa kimyakimya.

Saa sita mchana. Swichi ilirekebishwa, lakini ZFS, mfumo wa faili unaohifadhi na kutuma data yetu, ikakataa kupokea: upande wa akiba ulikuwa umebadilika tangu snapshoti (picha ya data ya wakati fulani) ya mwisho. Mwenzetu mmoja alikuwa ameifungua nakala asubuhi ili kuokoa faili. Ipo amri ya kulazimisha, nami siipendi, kwa kuwa hufuta bila kuuliza. Tulikaa wawili, mmoja akisoma namba ya utambulisho ya snapshoti upande huu na mwingine upande ule, tarakimu kwa tarakimu, mpaka tukaipata ya mwisho inayofanana. Ndipo tukairudisha akiba hapo na kuifunga iwe ya kusomwa tu.

Saa tisa alasiri. Data inapita, nilingoja.

Saa kumi na moja jioni. Niliwasha mashine pepe kutoka kwenye nakala, katika mtandao wa majaribio uliotengwa. Hifadhidata ilifunguka, na rekodi yake ya mwisho ilikuwa ya saa kumi na dakika 44.