Kiwanja Misungwi: mashimo manne kabla ya tofali la kwanza

Agosti 17

Dalali kanionyesha kiwanja cha pili, mita 30 kwa 40. Tambarare kama sakafu, hakuna hata jiwe la kumtupia mbwa. Bei ni nusu ya kile cha kwanza kilichoko juu kwenye mawe. Nimekipenda papo hapo. Ardhi ina nyufa, mkono wangu unazama mpaka kwenye kifundo. Dalali anasema ni jua tu la kiangazi. Kwenye kona kuna migunga mifupi yenye vinundu vilivyojaa sisimizi. Nimeipiga picha, ni mizuri.

Agosti 24

Nimerudi peke yangu, bila dalali. Nikamkuta babu mmoja anachunga ng'ombe. Shikamoo, marahaba, halafu swali: "Mjukuu wangu, hapa unataka kulima mpunga?" Nikamwambia nataka kujenga. Alicheka mpaka akaegemea fimbo.

Akanipandisha mpaka kwenye matale, yale mawe makubwa ya juu, tukaanza kushuka polepole. Chini tu ya mawe ni *luseni*, kichanga cha mihogo, karanga na viazi. Katikati ya mteremko ni *itogolo*: juu laini, lakini jembe likishuka kidogo linagonga tabaka gumu lisilopitisha maji, ndiyo maana watu wamekinga majaruba ya mpunga pale. Bondeni kabisa ni *mbuga*, udongo mweusi unaovimba ukinywa maji na kusinyaa ukikauka. Mwendo wa nusu saa, udongo wa aina tatu, na kila mmoja Wasukuma wana jina lake. "Changu" ni mbuga tupu. Na ile migunga ya vinundu, babu anasema, haikosei: ukiiona imejazana, uko kwenye mbuga.

Jioni nikasoma kidogo. Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo aliyekuwa kituo cha Amani kule Usambara, ndiye aliyeipa mfuatano wa namna hii jina la katena mwaka 1935, kwa maana ya mnyororo. Mvua inaosha chembe laini na chumvichumvi kutoka juu, mchanga unabaki, tope linajikusanya bondeni. Kwa hiyo huku kwetu "tambarare, hakuna jiwe" si sifa ya kiwanja. Ni anwani yake.

Septemba 7–15

Sikutaka kuamua kwa maneno ya babu peke yake. Nimeomba ruhusa kwa wenye viwanja vyote viwili, nikachimba mashimo mawili kila kimoja, kina cha mita moja na nusu. Kiwanja cha juu kilikuwa kazi ya asubuhi moja, kuanzia mita moja changarawe inayotokana na jiwe bovu. Kwenye kiwanja cha chini sululu ilikuwa inadunda.

Jaribio la kijiti: unalowanisha udongo, unaufinyanga kijiti cha sentimita 10, unakianika kivulini. Luseni haukufinyangika kabisa, ulinimeguka mkononi. Kijiti cha mbuga baada ya siku nne kilikuwa sentimita 8.6 na kimejipinda kama ndizi. Nikakiwazia kijiti kile kikiwa ukuta wa sebule.

Jaribio la maji lilitaka kunidanganya. Ndoo ya lita 20 niliyomwaga kwenye mbuga iliyokauka ilipotea mara moja, nikafikiri nimepata udongo unaopitisha maji kuliko wote. Kumbe yalikuwa yanakimbilia kwenye nyufa. Nikaendelea kumwagia siku mbili. Nyufa zikajifunga, na ndoo ya mwisho nikaikuta imetuama vilevile asubuhi. Mbuga usiipime kwa ndoo moja. Na shimo la choo pale lingejaa maji masika nzima.

Fundi naye hakuzunguka: ama unachimbua udongo mweusi na kujaza moramu, yaani udongo wa changarawe, ama unamwaga jamvi zito la zege lenye nondo nyingi. Hesabu yake ya msingi peke yake ilizidi tofauti ya bei ya viwanja viwili. Akanipeleka kuona nyumba ya hapo jirani: nyufa za mshazari kutoka kona za madirisha, zimezibwa plasta mara mbili na zimerudi.

Oktoba 12

Nimenunua cha juu. Ni kidogo, 20 kwa 25, na kuna jiwe moja kubwa kama pikapu ambalo litabaki hapo hapo maana sina ubavu wa kulihamisha.

Novemba 20

Mvua zimeanza. Kwenye mashimo yangu ya juu hakuna tone. Uzuri huo kwa msingi ni balaa kwa bustani: mchicha nimemwagilia asubuhi, saa nane umelala. Nimeingiza mkokoteni wa samadi iliyooza na kutandaza majani ya mpunga juu ya matuta, sasa unafika jioni.

Sampuli ya udongo nimeipeleka TARI Ukiriguru, kituo cha utafiti wa kilimo, bahati nzuri kiko humu humu wilayani. Nilichota sehemu kumi, kina cha sentimita 20, nikachanganya kwenye ndoo safi na kubeba nusu kilo. Niliruka lilipokuwa zizi la zamani, maana mbolea ya pale ingelipamba shamba zima.

Jana nilishuka bondeni kwa pikipiki. Nimerudi kwa miguu, naisukuma, matairi yamevaa tope kama viatu. Babu amekikodi kile kiwanja cha chini. Keshakinga majaruba mawili.