Kumbe unga nao unapiga kazi

Juzi mjomba alipitia maabara anichukue twende Jinja, akaona vichupa vyangu mezani akaniuliza, "We si ulisema nikeli ndo inafanya kazi, sasa huu unga mwingine wote wa nini?" Nikacheka tu, maana hata mi nilikaa mwaka mzima nikidhani huo unga ni wa kujaza chupa.

Kwa ambao hamjui, mi nageuza kaboni dayoksaidi kuwa methani, gesi ileile inayowaka kwenye baiyogesi ya mavi ya ng'ombe. Molekuli moja ya kaboni dayoksaidi na nne za haidrojeni, unazipitisha kwenye nikeli, metali inayoharakisha kazi hii, ikiwa na moto wa digrii 300 hadi 400 hivi, zinatoka methani na maji. Mfaransa Paul Sabatier na mwenzake Senderens walianza na mambo haya 1902, si kitu kipya.

Sasa nikeli nikamwelezea mjomba hivi: fikiria wachuuzi wa soko la Owino wamerundikana mahali pamoja, walioko katikati hawaoni mteja, wanaouza ni wale wa pembeni tu. Ile sapoti, yaani huo unga, ndo vibanda, unawatawanya kila mtu apate njia yake. Hapo akaelewa haraka.

Lakini vibanda havifanani, huo unga uko wa aina nyingi: silika, alumina, seria, titania. Silika inashika nikeli kilegevu, moto ukipanda chembe zinatembea zinaungana zinakuwa madonge. Alumina nayo inashika sana, tena hiyo ilinitesa: nililoweka unga kwenye maji ya kijani ya nikeli naitreti, nikakausha, nikaweka kwenye tanuri letu kuukuu nikitaka digrii 500, kumbe kipimo kinadanganya, ikavuka 800, asubuhi nafungua nakuta unga wa bluu kama yunifomu ya shule. Nikeli imezama ndani ya alumina imekuwa kitu kingine kabisa, nikaipiga haidrojeni digrii 450 siku nzima igeuke nyeusi, wapi, imebaki bluu, na methani iliyotoka ilikuwa ya aibu.

Seria ndo kiboko. Yenyewe si kibanda cha kukaa tu, ni kama wale vijana wa sokoni wanaokushika mkono kabla hujaamua kununua. Ukiichoma na haidrojeni inaachia oksijeni yake kidogo, inabaki na mapengo, alafu kaboni dayoksaidi ikipita inanasa palepale na oksijeni yake. Nikeli upande wake inapasua haidrojeni, wanakutana mpakani kazi inaisha, tena kwa moto mdogo kuliko wa alumina. Na moto mdogo ni muhimu jamani, hii riakshen yenyewe inatoa joto, kilojuli 165 kwa moli, ukizidisha digrii 500 unaanza kupata kaboni monoksaidi badala ya methani.

Titania ina vituko vyake. Watafiti wa kampuni ya mafuta ya Exxon, Tauster na wenzake, walionyesha 1978 kwamba ukiichoma na haidrojeni kwenye digrii 500 metali iliyokaa juu yake inapoteza nguvu ya kushika gesi, baadaye ikajulikana titania yenyewe inapanda juu ya metali inaifunika. Mwenye kibanda kamfungia mchuuzi ndani!

Mjomba akafikiria mpaka tunafika Mukono, alafu akasema, "Sasa hao wachuuzi si waanze kulipa kodi ya kibanda."